Kutulia si Kupona: Maoni juu ya Tiba za Kale za Maradhi ya Akili

Katika vitabu vingi vinavyosimulia historia ya tiba kuna picha moja ambayo ni nadra kukosekana. Ni ile iliyochorwa na Mfaransa Tony Robert-Fleury mwaka 1876, inayomwonyesha Daktari Philippe Pinel amesimama katika ua wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, huku mwanamke mmoja akifunguliwa minyororo na wengine wakingoja zamu yao. Mwalimu anayeitumia picha hiyo darasani huwa na hadithi iliyo tayari: hapo kale palikuwa na giza, wagonjwa wa akili wakafungwa na kupigwa, kisha akatokea mtu mmoja mwenye huruma na elimu, akaivunja minyororo, na tangu siku hiyo sayansi imekwenda mbele bila kurudi nyuma.

Hadithi hii ni tamu, lakini sidhani kuwa yafaa kuwafundisha vijana wetu. Kwanza, haikutokea hivyo. Minyororo ya wagonjwa katika hospitali ya Bicêtre iliondolewa mwaka 1797 na msimamizi wa wodi aliyeitwa Jean-Baptiste Pussin, mtu asiye na shahada yoyote, ambaye naye alipata kulazwa hapo hapo kwa maradhi ya tezi za shingo. Pinel alikuwa amekwisha kuhamia Salpêtrière miaka miwili kabla. Tena, minyororo ilipoondolewa, wagonjwa wakali walivikwa koti gumu lenye mikono mirefu inayofungwa mgongoni. Pili, na hili ndilo linalonisukuma kuandika, hadithi hii hutufanya tuamini kwamba kosa la watu wa kale lilikuwa ukatili. Ikiwa ndivyo, basi sisi ambao hatujioni kuwa wakatili tumesalimika na kosa lao. La hasha, hatujasalimika.

Tuanze na nadharia waliyokuwa nayo. Tangu zama za Galen katika karne ya 2 hadi kufikia karne ya 18, waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu waliamini kuwa mwili huongozwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mtu akizidiwa na nyongo nyeusi hupatwa na huzuni isiyo na sababu. Akizidiwa na ile ya manjano hupandwa na ghadhabu. Lugha yetu bado imehifadhi masalio ya elimu hiyo. Neno "safura", ambalo leo tunalitumia kwa ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo, asili yake ni jina la Kiarabu la nyongo ya manjano; na balghamu ingali balghamu. Lakini neno "wazimu" lina chimbuko jingine kabisa, kwani shina lake ni lile lile la "mzimu", kama vile neno "majinuni" lilivyotokana na jini. Kwa hiyo Mswahili azungumzapo juu ya maradhi haya hutamka, pengine bila kujua, mabaki ya nadharia mbili zilizoshindana kwa karne nyingi: moja ikisema chanzo ni pepo, nyingine ikisema chanzo ni mwili.

Nadharia ya majimaji ilikuwa na heshima yake. Ilimtoa mgonjwa mikononi mwa wale waliomwona kuwa amelaaniwa, ikamkabidhi kwa tabibu. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, ilikuwa na sehemu maalumu ya wagonjwa wa akili. Na katika hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili huko Edirne, iliyojengwa mwaka 1488, msafiri Evliya Çelebi aliandika katika karne ya 17 juu ya waimbaji na wapiga ala waliowatumbuiza wagonjwa. Hata hivyo, kama chanzo cha ugonjwa ni jimaji lililozidi, basi tiba yake ni kulipunguza. Ndiyo sababu mgonjwa alikatwa mshipa akatolewa damu, akanyweshwa haluli na dawa za kutapisha, akapakwa dawa za kuchoma ngozi mpaka ikatoka malengelenge ili ubaya upate njia ya kutokea. Sasa, mtu aliyetolewa damu nyingi hulegea. Mtu aliyeharishwa siku tatu hana tena nguvu za kupiga kelele. Tiba ikaonekana imefanya kazi, na tabibu akarudi nyumbani ameridhika.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo ningependa msomaji alishike. Kwa karne nyingi mizani iliyotumiwa kupimia tiba ya wazimu ilikuwa moja tu: je, mgonjwa ametulia? Mizani hiyo ilitumiwa na wakatili, ikatumiwa vile vile na watu wapole na wasomi, nayo iliwadanganya wote kwa usawa.

Iko sababu ya pili ya udanganyifu huo, nayo inaonekana vizuri katika ugonjwa wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1788 mfalme huyo alirukwa na akili. Akawa anasema mfululizo kwa saa nyingi, halali, hatulii. Madaktari wa ikulu waliposhindwa, aliitwa Francis Willis, kasisi aliyekuwa pia daktari na mwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Willis hakujali ufalme wa mgonjwa wake: alimfunga katika lile koti la mikono mirefu, akamfunga kwenye kiti, akampaka miguuni dawa za kuchoma. Mapema mwaka 1789 mfalme akapona, taifa likashangilia, na sifa za Willis zikaenea Ulaya nzima. Malkia Maria wa Kwanza wa Ureno alipougua, Willis aliitwa mpaka Lisbon mwaka 1792, na huko hakufua dafu. Mfalme George naye aliugua tena mwaka 1801, akapona. Akaugua mwaka 1804, akapona. Na mwishoni mwa mwaka 1810 akaugua ugonjwa ambao hakupona hadi alipofariki mwaka 1820. Wataalamu wamebishana sana juu ya ugonjwa huo ulikuwa upi, na wengi sasa wanaelekea kusema kuwa ulikuwa ule ambao humpandisha mtu na kumshusha kwa vipindi. Kama ni hivyo, huenda Willis alisimama kando ya mto uliokuwa unapwa wenyewe, akadhani ameunywa.

Maradhi mengi ya akili yana tabia hiyo ya kuja na kuondoka. Mgonjwa huletwa kwa mganga wakati hali imekuwa mbaya kupita kiasi, na jambo lililofika kileleni haliwezi ila kushuka. Mganga yeyote aliyepo wakati huo, awe na chale, hirizi, sindano au maombi, atapata sifa.

Kila mwaka ninapofundisha habari hizi wanafunzi wangu hucheka tunapofika kwenye viti. Mwaka 1804 daktari Mwingereza Joseph Mason Cox alichapisha kitabu akisifu bembea ya kuzungusha: mgonjwa alifungwa kitini na kuzungushwa kwa kasi mpaka akatapika, akajisaidia, akalegea. Miaka michache baadaye Benjamin Rush wa Philadelphia alibuni kiti chake mwenyewe, ambacho kilifunga mikono, miguu na kifua, na juu yake kikawa na sanduku la kukishika kichwa kisigeuke. Aliamini kuwa wazimu hutokana na damu nyingi kujazana katika mishipa ya ubongo, na kwamba kiti kingeipunguza. Wanafunzi hucheka, nami huwaeleza Rush alikuwa nani. Alikuwa mmoja wa waliotia sahihi azimio la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Aliandika dhidi ya utumwa. Aliidai hospitali yake iwape wagonjwa wa akili vyumba vyenye joto na kazi za kufanya, wakati wengine walidhani kuwa wendawazimu hawahisi baridi. Kitabu chake cha mwaka 1812 ni cha kwanza cha aina yake nchini mwake. Kiti kile alikibuni kwa huruma, akiona ni afadhali kuliko koti. Kicheko darasani hupungua.

Sisemi kwamba ukatili haukuwapo. Katika hospitali ya Bethlem mjini London, wageni waliruhusiwa kuja kutazama wagonjwa kama watu waendao kutazama wanyama, mpaka desturi hiyo ilipozuiwa mwaka 1770. Katika hospitali hiyo hiyo, mwaka 1814, wakaguzi walimkuta James Norris amefungwa kwa chuma kiunoni, mabegani na shingoni, kimeunganishwa na nguzo, naye amekaa hivyo zaidi ya miaka 10. Walipozungumza naye walimkuta anajibu kwa akili na anasoma magazeti. Bunge liliunda kamati mwaka 1815, na watumishi wakaulizwa. Utetezi wao ni wa kusikitisha kwa sababu ni wa kawaida sana: alikuwa na nguvu, alikuwa mkali, na tangu afungwe hapakuwa na fujo.

Wale waliojaribu njia nyingine wanastahili sifa, nami sitaki kuwapunja. Mwaka 1790 mjane mmoja wa madhehebu ya Quaker, Hannah Mills, alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji wa York, na marafiki zake hawakuwa wameruhusiwa kumwona. Mfanyabiashara wa chai William Tuke aliwachangisha wenzake wakajenga nyumba yao, iliyofunguliwa mwaka 1796. Hapo wagonjwa wachache walilima bustani, walishona, walikunywa chai na wageni, wakatendewa kama watu wanaotegemewa kujizuia. Baadaye Robert Gardiner Hill huko Lincoln aliacha kufunga wagonjwa kabisa mwaka 1838, na John Conolly akafanya vivyo hivyo huko Hanwell tangu mwaka 1839, katika hospitali kubwa yenye mamia ya wagonjwa, akawaumbua waliosema haiwezekani.

Lakini tazama kilichofuata. Serikali zilivutiwa, zikajenga hospitali nyingi mashambani, na kila iliyojengwa ikajaa. Kufikia mwaka 1901 wagonjwa wa akili waliosajiliwa Uingereza na Wales walizidi 100,000. Nyumba iliyokusudiwa watu 30 wanaojuana na watunzaji wao ikawa ghala la watu 2,000. Huruma haikuweza kugawanywa kwa idadi hiyo, na elimu ya kuwaponya haikuwapo.

Elimu ilipokuja, ilikuja kwa mlango ambao wengi hawakuutazamia. Katika hospitali hizo walikuwamo wagonjwa wengi, hasa wanaume wa makamo, walioanza kwa majivuno ya ajabu, mmoja akisema ana mali isiyohesabika, mwingine akijiita mfalme. Kisha wakapooza, wakafa ndani ya miaka michache. Mfaransa Antoine Bayle aliueleza ugonjwa huo mwaka 1822, akasema una alama zake ndani ya ubongo. Kwa miaka 90 watu walibishana kama chanzo chake ni pombe, masumbuko, au maisha ya mjini. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore, wakiwa New York, walivitazama vipande vya ubongo vya marehemu hao kwa darubini, wakaona vijidudu vya kaswende. Wazimu ule ulikuwa kaswende iliyofika ubongoni.

Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwadunga wagonjwa wa namna hiyo damu ya askari aliyekuwa na malaria, kwa matumaini kuwa homa kali ingewasaidia, kisha akawapa kwinini. Baadhi yao walipata nafuu, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Wagonjwa wengine walikufa kwa malaria yenyewe. Mimi husita kumhukumu, kwa sababu alichagua ugonjwa ambao mwisho wake ulijulikana. Mtu aliyekuwa afe ndani ya miaka mitatu akiishi kumi, pana jambo la kutazamwa. Hata hivyo hakuweka kundi la kulinganishia, na katika miaka ya 1940 penisilini ilikuja ikaufunga mjadala kabla haujamalizika.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi tulao ugali. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Italia zilijaa watu wenye ngozi iliyobabuka mikononi na shingoni, wanaoharisha, kisha wanaochanganyikiwa. Ugonjwa uliitwa pelagra, na madaktari wengi waliamini kuwa ni wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma Joseph Goldberger kuuchunguza. Alipofika katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Georgia aliona jambo ambalo wenyeji walilizoea mno hata hawakuliona: wagonjwa waliugua pelagra, lakini wauguzi waliokaa nao mchana kutwa hawakuugua. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaomchagua mgonjwa na kumwacha muuguzi? Tofauti ilikuwa mezani. Wagonjwa walilishwa zaidi unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe. Wauguzi walipata maziwa, nyama na mayai.

Goldberger alibadilisha chakula cha wodi kadhaa, akaacha nyingine zile kama kawaida. Katika wodi zilizobadilishwa pelagra ikakoma. Ili kuwathibitishia waliombishia, yeye, mkewe na wenzake walijitia wenyewe damu na uchafu wa wagonjwa mwaka 1916, hakuna aliyeugua. (Jaribio lake jingine, la kuwalisha wafungwa wa Mississippi chakula duni mpaka wakaugua, kwa ahadi ya kufunguliwa, ni la kulaumiwa, ingawa lilithibitisha aliyosema.) Alifariki mwaka 1929 bila kukijua kile kilichopungua chakulani. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alikitambua: ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo, lakini imefungamana kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuipata. Watu wa Mexico, walioyalima mahindi kwa maelfu ya miaka, walikuwa wakiyachemsha kwa maji ya chokaa, na chokaa huifungua niasini hiyo. Wazungu waliyachukua mahindi, wakaiacha chokaa. Sisi tuliyapokea vivyo hivyo, na tumesalimika kwa kiasi kikubwa kwa maharage, karanga, dagaa na maziwa. Mambo hayo yanapokosekana pelagra hurudi: mwaka 1990, karanga zilipokosekana katika mgao wa chakula wa wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 17,000 waliugua.

Hebu mwalimu afikiri ni watu wangapi walifungwa, walitolewa damu au waliombewa, kumbe walihitaji maharage.

Ingefaa basi kuishia hapo na kusema sayansi imeshinda. Lakini katika miaka hiyo hiyo, tena mikononi mwa madaktari wenye darubini na maabara, yalitendeka mambo ambayo sioni kuwa ni bora kuliko bembea ya Cox. Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, tangu mwaka 1907 hadi 1930, aliposikia kuwa kijidudu cha kaswende huleta wazimu, alihitimu kuwa wazimu wote huletwa na vijidudu vilivyojificha mwilini. Akang'oa meno ya wagonjwa, akakata mafindofindo, na hatimaye vipande vya utumbo mkubwa. Alidai kuwa asilimia 85 hupona. Hakuwa laghai, aling'oa hata meno yake mwenyewe na ya wanawe. Katikati ya miaka ya 1920 daktari Phyllis Greenacre alitumwa kuzipitia hesabu zake. Alikuta majalada yaliyovurugika na hesabu zisizoaminika, na alipowafuatilia wagonjwa wenyewe akaona kuwa waliotibiwa zaidi hawakuwa na hali bora kuliko wengine. Na waliokufa kwa kukatwa utumbo walikuwa wengi. Taarifa yake haikuchapishwa. Ng'oang'oa iliendelea.

Mwaka 1935 mjini Lisbon, Egas Moniz alianza kuwatoboa wagonjwa fuvu na kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Mwaka uliofuata alichapisha habari za wagonjwa 20 wa kwanza: 7 wamepona, 7 wana nafuu, 6 hawakubadilika. Wengi wao walikuwa wametazamwa majuma machache tu baada ya kukatwa. Huko Marekani Walter Freeman aliirahisisha kazi hiyo mwaka 1946, akawa anaingiza chuma chembamba juu ya mboni ya jicho na kukipiga nyundo, kazi ya dakika chache isiyohitaji chumba cha upasuaji. Makumi ya maelfu ya watu walikatwa. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Wagonjwa wengi walitulia kwelikweli. Walikaa walipowekwa. Hawakugombana, hawakulia, hawakuuliza watarudi lini kwao.

Jambo hili halikuishia mbali na kwetu. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, iliongozwa tangu mwaka 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers. Mwaka 1951 aliandika kuwa Mwafrika mzima, katika fikira na tabia, anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Miongoni mwa hoja zake ni kuwa ugonjwa wa huzuni kuu ni adimu kwa Waafrika, kwa kuwa wagonjwa wa namna hiyo hawakuonekana Mathari. Sitajishughulisha kumtukana, ubaguzi wa enzi zile unajulikana. Nataka tuone kosa la kisayansi. Nani aliyekuwa akipelekwa Mathari? Ni yule aliyevunja amani, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni, aliyekamatwa na polisi. Mama aliyekaa kimya jikoni miezi sita, hali, halali, anatamani kufa, hakumsumbua mtu. Kwa kuwa ametulia, hakuhesabiwa kuwa ni mgonjwa. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walichapisha utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya Uganda, na waliwakuta wenye huzuni ya kiugonjwa ni wengi kuliko hata katika kitongoji cha London walichokilinganisha nacho. Mizani ya utulivu ilikuwa imeficha maradhi ya watu wengi kiasi hicho.

Mizani bora ilipatikanaje? Haikutokana na huruma zaidi wala na mashine zaidi. Ilitokana na swali dogo: wangekuwaje bila tiba hii? Tangu mwaka 1933 Manfred Sakel wa Vienna alikuwa akiwadunga wagonjwa insulini mpaka wakapoteza fahamu, kisha akiwazindua kwa sukari, na tiba hiyo ilienea duniani. Waliotibiwa walionekana kupata nafuu nyingi. Mwaka 1957 Brian Ackner na wenzake wa London walitangaza matokeo ya jaribio rahisi. Wagonjwa waligawanywa kwa kura; nusu walipotezwa fahamu kwa insulini, na nusu kwa dawa ya usingizi, bila insulini. Wote walitunzwa katika wodi moja, na wauguzi wale wale, kwa uangalifu ule ule. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Kilichosaidia, kama kipo, hakikuwa insulini. Yawezekana kilikuwa wauguzi. Katika miaka michache wodi za insulini zikafungwa, baada ya takriban robo karne na vifo visivyo vya lazima.

Kipimo hicho hicho hakikuangusha kila kitu, na hapa wasomaji wengine watashangaa. Tiba ya umeme, iliyoanzishwa na Ugo Cerletti na Lucio Bini mjini Roma mwaka 1938, inatisha kuliko zote kwa sura, na zamani ilitumiwa bila dawa ya usingizi, mara nyingine kama adhabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 watafiti wa Uingereza waliwalaza usingizi wagonjwa wa huzuni kuu, wakawapitishia umeme baadhi yao, na wengine wakawalaza tu bila umeme. Wenye huzuni kali zaidi waliopata umeme walipata nafuu zaidi. Nayo dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumiwa na Jean Delay na Pierre Deniker mjini Paris mwaka 1952, ilisifiwa mwanzoni kwa sababu ile ile ya zamani: wodi zilikuwa kimya. Ilibidi kungoja majaribio makubwa, kama lile la hospitali 9 za Marekani lililochapishwa mwaka 1964, ili ijulikane kuwa dawa za jamii hiyo hupunguza pia sauti za uongo na mawazo yaliyopotoka, zaidi ya kumlegeza mgonjwa. Na ilibidi kungoja zaidi ili madhara yake, kama vile kutetemeka na kuchezacheza kwa midomo kusikokoma, yahesabiwe kwa haki.

Kwa nini haya yawahusu walimu wa sekondari? Kwa sababu mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilizitaja nchi zipatazo 60 ambamo watu wenye maradhi ya akili bado hufungwa minyororo au kufungiwa vyumbani, na Kenya ni mojawapo. Wengi wa wanaowafunga ni wazazi na ndugu zao wanaowapenda. Mama anayemfunga mwanawe kwenye nguzo ya banda atakueleza kwa machozi kuwa hana njia nyingine, kwamba hospitali iko mbali na dawa zimekwisha, na kwamba tangu amfunge, angalau anatulia. Kumwambia mama huyo kuwa yeye ni mkatili hakutamfungua mtoto. Wanafunzi wetu ndio watakaokuwa wauguzi, mahakimu, masheikh, wachungaji na madiwani watakaoombwa ushauri na mama kama huyo, nao hawana somo lolote linalowafundisha kupima madai ya tiba. Wanafundishwa sehemu za ubongo. Hawafundishwi jinsi tulivyojua tunayoyajua.

Pelagra ingeweza kufundishwa katika somo la lishe kwa kipindi kimoja, ikianza na swali la Goldberger juu ya wauguzi, na majibu yakingojwa kutoka kwa wanafunzi kabla hawajaambiwa. Na jaribio la Ackner halihitaji maabara. Kila mwanafunzi apewe sarafu moja, na kila sarafu iwe ni mgonjwa. Nusu ya darasa wasugue sarafu zao kwa jani la mwembe, nusu wasisugue, kisha wote warushe. Upande wa juu ni kupona. Katika darasa la watu 40, wapatao 10 miongoni mwa waliosugua watakuwa na mgonjwa aliyepona, na wawili watatu kati yao wataanza kuamini kuwa wamelisugua vizuri zaidi jani lao. Waachwe waeleze walivyofanya, mbele ya wenzao, kwa kirefu. Kisha wale ambao hawakusugua waombwe kuinua mikono yao, na zihesabiwe.